Viatu vya Bidoni Kwenye Njia ya Mikaratusi

Majirani zangu wa mtaa wa Kinama walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nimekata bidoni ya njano, lile dumu la plastiki la kuchotea maji, vipande viwili, kila kimoja kirefu kuliko unyayo wangu na kipana mara mbili yake, na nilikuwa ninavifunga miguuni kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. "We mama, unaenda kuvua samaki ama unaenda kwa wakwe?" mmoja akauliza. Nikamwambia acheke vizuri, atoe meno yote nje, kwa sababu mi leo nafika.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumua. Barabara ya kupanda mlimani, kule alikoolewa binti yangu, ilikatika. Kipande kizima kilishuka bondeni, na watu wa pikipiki wakagoma. Na ilikuwa Jumamosi, siku niliyopangiwa kwenda kuhemba. Hapa Burundi mwanamke akijifungua, watu wa kwao wanamwendea na kikapu cha chakula kichwani. Kikapu kinapokelewa mbele ya ukoo wa mume, na hapo kila mtu anajua kwamba mzazi huyu ana watu nyuma yake. Sisi tulivuka kutoka Kongo na godoro moja. Mume wangu alishafariki, ndugu zangu wametawanyika. Watu wa binti yangu ni mimi peke yangu.

Asubuhi ile alinipigia simu akiongea chini chini. "Mama, apana kuja. Njia imekufa, na goti lako unalijua." Nikamuuliza, wao wanasemaje? Nikasikia analia. "Mama mukwe anasema alijua tu. Anasema mi ni mutu asiye na kwao."

Asiye na kwao! Mtoto niliyevuka naye mpaka akiwa mgongoni, nikamlisha kwa jasho la vibarua! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikakata simu bila kuaga, nikaenda kutafuta kisu cha kukatia bidoni.

Wala haukuwa wazimu. Miaka mingi nililima kibarua kwenye mashamba ya mpunga huko nyuma ya Kinama. Maji yakijaa na tope likawa laini, sisi wanawake tulijifunga vitu vipana miguuni ili tusizame. Ila kule ni tambarare. Mlimani sikuwahi kujaribu, na plastiki juu ya udongo mwekundu inateleza vibaya, kwa hiyo nikazungushia kamba ya katani chini, mizunguko mitatu kila mguu. Kikapu nilikijaza unga wa uji, maharage, ndagala kavu, yaani dagaa, na kitenge cha kumbebea mtoto. Juu nikafunika kitambaa cheupe, nilichokipiga pasi mwenyewe.

Njia iliyobaki ilikuwa ile inayopita katikati ya msitu wa mikaratusi. Nilipoingia hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja. Tope lilikuwa limetandaa kati ya miti, laini, limefunikwa na majani na magamba yaliyobanduka, na maji yalitiririka chini yake bila kuonekana. Harufu ya majani ilinifungua kifua. Nikaweka mguu wa kwanza. Ukakaa. Wa pili nao ukakaa. Nilitembea miguu imepanuka kama bata, nikinyanyua kisigino kwanza, kwa sababu ukiburuta tu, tope linakunyang'anya kiatu. Nilikuwa nikijisemea kwa sauti: asiye na kwao, asiye na kwao. Kila hatua nilimkanyagia mtu neno lake.

Katikati ya mlima, mpira wa mguu wa kushoto ukakatika. Mguu ulizama mpaka gotini, goti lile lile bovu, kikapu kikainama. Nilikumbatia mti kwa mkono mmoja, mwingine nikashika kikapu, nikabaki hapo. Niliogopa, sidanganyi. Mwanaume mmoja alikuwa anashuka na gunia la makaa, tope likimfika mapajani. "Mama, tua kikapu kwanza, upumue."

"Apana. Cha kuhemba hiki. Nikikitua hapa nitawapelekea nini, tope?"

Akanitazama, akatazama miguu yangu, akacheka. Lakini alishusha gunia lake, akainama akaunga mpira kwa mafundo mawili. "We mama ni mukali," akasema.

"Sana," nikamjibu, nikaendelea kupanda.

Njia ile inatokea nyuma ya boma la wakwe, kwenye migomba, karibu na jiko. Ningeweza kupenya hapo kimya kimya, nikanawa kwanza. Thubutu! Mi si mwizi wa ndizi. Nilizunguka ua wote, nikaingia kwa lango la mbele, nikasimama katikati ya uwanja. Ukoo karibu wote ulikuwa umekaa barazani na chupa zao.

"Hodi!"

Mama mkwe alisimama, macho yakaanzia kwenye bidoni, yakapanda polepole mpaka kwenye kitambaa. "Mukwe, tulijua hauji. Mbona uko hivi?"

"Niko hivi kwa sababu njia iko hivi. Pokea."

Hakusogea. Kikapu kikabaki kichwani kwangu. Shangazi mmoja akauliza kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Ni nani huyo?"

Binti yangu akatoka ndani, mtoto kifuani, ingawa walikuwa wamemkataza kutoka. Alitazama miguu yangu, akamgeukia shangazi.

"Ni kwetu," akasema. "Kwetu kumefika."

Mama mkwe akashuka uwanjani, akainua mikono yote miwili, akapokea kikapu. Kitambaa hakikuwa na doa.

Walileta beseni la maji ili nioshwe miguu, na msichana mmoja akaanza kufungua mipira. Nikamzuia mkono. Nikamwambia angoje kwanza, waliobaki ndani nao watoke wavione viatu hivi.