Nyumba Safi Kupita Kiasi

Mtaa ule wa Ganshoren, huko ng'ambo, ulijengwa baada ya vita vikuu: vijumba vya paa bapa na madirisha mapana, vyote sura moja kama watoto wa tumbo moja. Wanafunzi wa usanifu majengo walikuja kuvipiga picha. Émérance, mtunza wazee kutoka Bukavu, alipanga kimoja na hakuona cha kupigwa picha. Alichotaka ni komini, yaani serikali ya mtaa, imwandikishe kwamba anakaa pale. Bila hivyo asingeweza kumwita binti yake Darlène aliyebaki Bukavu, na Septemba ile ya 1996 habari za vita vilivyokaribia huko zilitisha.

Kwanza polisi wa mtaa ahakikishe. Alikwisha kuja mara mbili, akamkosa, yuko kazini. Akaacha karatasi: atarudi Alhamisi asubuhi, mara ya mwisho.

Rafiki yake Rolande akampigia simu. "Muntu wa l'État, wa serikali, iko nakuya kwako, maman! Asikute hata kijiko moya muchafu. Usitupatishe haya, bon?"

Émérance alilelewa kwamba mgeni haonyeshwi matambara. Alhamisi ile alisugua tangu alfajiri. Nguo zote akazitia sandukuni, sufuria chafu ndani ya oveni, mswaki na kandambili chini ya kitanda. Maskini, alikuwa anajifagia mwenyewe nje ya nyumba!

Polisi alipofika, alifungua kabati: tupu. Bafuni hakuna hata mswaki. Akalitazama sanduku.

"Madame anasafiri?"

"Hapana, bwana. Ninakaa hapa."

"Hapa hakai mtu," alisema, si kwa ukali, na kalamu ikaelekea kwenye karatasi.

Émérance aliona aibu, lakini aibu haijawahi kuzaa mtoto. Akapiga magoti, akalimwaga sanduku sakafuni: sidiria zilizochakaa, soksi zenye matundu, shati la kazi linalonuka jasho la jana. Akavuta na sufuria yenye ukoko wa bugali, akamsogezea puani.

"Angalia, bwana! Huu uchafu ni wangu. Nani huchafua hivi nyumba asiyokaa?"

Polisi alikohoa, akageuza macho, akaandika. "Bon. Ni makazi yako. Mnakaa wangapi?"

Émérance alifungua mdomo aseme wawili, yeye na Darlène. Kalamu ilisubiri.

"Mmoja," alisema, na hapo ndipo alipolia.