Panga Lipite Motoni

Mwaka 2013 nilikuwa fundi cherehani mjini Kasulu, na nilikuwa na simu ya kupapasa niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa ameshaichoka. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Niliitaka kwa ajili ya mishono tu. Wateja walikuwa wanakuja na kitenge wanasema, nishonee kama ile niliyoiona kwenye harusi, na mimi kwenye hiyo harusi sikualikwa. Sasa nikawa nawafungulia picha za magauni ya Dar na ya kwingineko, wanachagua wenyewe, ubishi unakwisha.

Mama yangu, aliyekuwa anaishi peke yake nyumbani kwetu Titye, aliichukia ile simu kwa moyo wake wote. Akiniona nimeinamia kioo alikuwa anasema, "Haya, chunga, chunga." Kwake nilikuwa kama mchungaji wa mifugo isiyoonekana.

Yeye alikuwa na migomba. Kwetu nyumba inakaa katikati ya migomba, ukifungua mlango majani yanakugusa uso. Baba amezikwa humo humo, na Mama ugomvi wake na marehemu aliendelea nao humo, akiwa anapalilia, kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayejibiwa. Nikimwambia Mama, watu wanakusikia, anasema na wasikie, wao hawakuwahi kuolewa?

Kaka yangu, mkubwa wetu, alikuwa mtumishi wa serikali Kibondo. Alimjengea Mama chumba kwenye nyumba yake, akaweka kitanda na chandarua, akanunua godoro zuri, akaliacha kwenye nailoni yake lisipate vumbi, kisha akawa anasubiri. Kila akipiga simu swali lilikuwa moja: Mama, unakuja lini? Na jibu lilikuwa moja: migomba nimwachie nani? Mama hakuwa na hoja nyingine, ila hiyo ilimtosha kabisa.

Halafu migomba ikaanza kufa. Majani yaligeuka njano yakalegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zikawa zinaiva kabla hazijakomaa, na ukizikata ndani zimekuwa kahawia, mbuzi mwenyewe anazinusa anaondoka. Kaka aliposikia alizungumza kwa upole sana, na upole wake ndio ulionikera. Alisema basi Mungu ameshaamua, tusubiri hadi sikukuu za mwaka unaofuata, na kama shamba halijapona tung'oe yote, aje na gari amchukue Mama akapumzike. Mama safari hii hakumuuliza migomba amwachie nani. Mimi nikafunga kibanda changu nikaenda Titye.

Nilikuta watu wamejaa shambani. Kwetu mtu akiwa na mgonjwa ndani, majirani wanakuja, na migomba ikiugua ni hivyo hivyo. Kila mmoja anakuja na panga lake. Wanapunguza majani yaliyokauka, wanakata mikungu iliyooza, kisha wanakaa na mwenye shamba wanakunywa pombe ya ndizi, wanampa pole. Kesho yake wanahamia kwa mwingine mwenye shida hiyo hiyo. Mbele yao wote alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, rafiki wa Mama tangu wakiwa maharusi. Ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, na mimi nilimwita Mama Mdogo ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa anakata kwa uchungu kabisa, machozi yanamlengalenga, na panga lake lilikuwa kali la kunyolea ndevu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu, mahali pekee ambapo mtandao wa intaneti ulikuwa unashika. Nikapanda juu yake nikaandika kwa Kiswahili, migomba inanyauka. Nikaletewa habari za mpira. Nikajaribu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, tena cha kufaulu kwa kubahatisha: ndizi, jani njano, ndani oza. Ukurasa ukafunguka polepole, maneno kwanza, picha baadaye, mstari kwa mstari kutoka juu. Ilikuwa picha ya mkono wa mtu, udongo kwenye kucha, umeshika shina la mgomba lililokatwa, na kwenye jeraha lile unatoka usaha wa njano.

Nikageuka nikaangalia rundo la mashina waliyokuwa wameyakata asubuhi hiyo. Usaha ule ule, njano ile ile.

Nikasoma nikiwa nimesimama juani, neno likinishinda naenda kulitafuta kwenye kamusi ya humo humo mtandaoni, narudi. Hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi, wala aliyenidai chochote zaidi ya vocha yangu. Ukurasa ulisema ni mnyauko, kwamba wanaueneza wadudu wanaotua kwenye lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu, lakini mwenezaji mkubwa ni panga. Likikata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, limeshapanda ugonjwa. Ukasema pia kwamba si lazima kung'oa shamba zima. Ukiona shina moja limeanza kuugua unalikata chini kabisa, lile tu, na unarudi kuangalia kila wiki bila kuchoka. Ua unalivunja kwa kijiti chenye panda, hulikati. Na panga, kabla ya kugusa mgomba mwingine, linapita kwenye moto mpaka lishike joto sawasawa.

Nikainua macho. Watu wetu wazuri wale walikuwa wanatoka mgomba hadi mgomba, na jana walikuwa kwa mwingine, na kesho wanaenda kwa mwingine. Ugonjwa ulikuwa unasafirishwa na wema wao.

Mimi subira sikujaliwa, na anayenijua atakwambia. Nilishuka kwenye kichuguu nikasema wekeni mapanga chini, ugonjwa huu mnautembeza nyinyi wenyewe. Mama Mdogo akalifuta panga lake kwenye kitenge, pande zote mbili, taratibu, halafu akamuuliza Mama kwa Kiha, bila kuniangalia:

"Mwanao anasema mkono wangu ni mbaya?"

Asiye wa kwetu anaweza kudhani hilo ni swali dogo. Kusema mkono wa mtu ni mbaya ni kumwita mchawi mbele ya watu. Mama alijaribu kumjibu, lakini mwenzake alikuwa ameshageuka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Pombe waliiacha kwenye mtungi.

Nilitegemea kugombezwa. Mama akavuta kigoda akakaa, akaniambia nimsomee. Basi nikawa namsomea ukurasa ule nikiugeuza kutoka Kiingereza kwenda Kiha, bakteria wakawa wadudu wadogo wasioonekana, na yeye anauliza maswali ya mtu mwenye migomba.

"Mtu wako anasema shina likikatwa, machipukizi yake yanabaki?"

"Yanabaki, Mama. Mengine yanaweza kuugua, hayo nayo unayakata. Mengine yanapona."

"Ana migomba huyo bwana?"

"Mama, huenda ni mwanamke."

"Ndiyo maana anajua," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akacheka kidogo. Kisha akaniuliza kama nimemshukuru. Nikamwambia sijui nitamshukuru vipi, hajaweka jina. Jambo hilo lilimsumbua kweli. Mtu anakupa kitu kikubwa namna hiyo, hakujui, hakudai, halafu unakaa kimya kama hukupewa? Akaenda kwenye mtungi, akachota pombe kwenye kibuyu, akakiweka pembeni ya mlango. Kilikuwa cha mtu wangu wa kwenye simu, akipita.

Asubuhi alichukua kigae cha chungu kilichovunjika akaniambia nimfuate. Tulivuka kijito mpaka kwa Mama Mdogo, tukamkuta anachochea kuni. Mama akamwamkia, "Mwakeye," akaitikiwa kwa midomo tu.

"Nimekuja kuomba moto," Mama akasema. "Kwangu umezimika."

Kiberiti kilikuwa kwenye pindo la kitenge chake, nilikuwa nimemwona akikifunga. Lakini kwetu moto haunyimwi. Hata mliyekosana naye jana, akija na kigae unampa. Mama Mdogo aliniangalia mimi, akaangalia kile kigae, kisha akaanza kuchagua makaa kwa vijiti, akitafuta yale mazuri.

"Panga langu lina ugonjwa," Mama akaendelea, kama anayezungumzia mguu wake mwenyewe. "Langu. Nimelitembeza shamba zima bila kujua. Sasa naenda kuliotesha moto wako huu, nione kama litapona."

Mama Mdogo akaweka kaa la mwisho kwenye kigae. Tulipokuwa tumeshafika kijitoni nilisikia hatua nyuma yetu, na nilipogeuka alikuwa anakuja, panga mkononi, amekunja uso.

"Moto ni wangu," akasema. "Nitajuaje mnaufanyia nini?"

Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa atanipiga.

Tuliwasha moto mahali njia inapoingia migombani. Kuanzia siku hiyo panga la mtu yeyote lilipita pale kabla halijaingia, na likarudi pale kila lilipotoka kwenye mgomba mgonjwa. Hakuna aliyeambiwa panga lake ni baya. Walikuta bibi wawili wanaotesha mapanga yao na mtungi uko karibu, wakachomeka na ya kwao. Mama Mdogo aliushika ule moto kama ofisi. Alikaa kwenye kigogo, na mtu akipita kwa haraka anamnyooshea kijiti: "Lipite motoni." Zamu ya shamba lingine ilipofika, mwenye shamba alikuja na kigae kuomba moto kwa Mama, na wa baada yake akaomba kwa huyo.

Nisidanganye, miezi ya mwanzo niliona tumeshindwa. Kila wiki Mama anakata shina, na wiki inayofuata anaona lingine. Palikuwa na mapengo ya kuonea barabara. Mimi nilirudi Kasulu kwenye cherehani, na jioni nampigia kumuuliza, naye anasema, "Muulize mtu wako anasemaje." Naingia mtandaoni, nasoma upya ule ule ukurasa, namwambia anasema usichoke. Nilikuwa nimeshajifunza mambo mengine humo, hata kola ya koti la kiume iliyokuwa inanishinda miaka yote nilifundishwa na mama mmoja wa mbali kwa picha, bure. Lakini nikifungua ule wa migomba nilikuwa naufungua kwa hofu. Kama mtu yule amekosea, Mama ataondoka Titye, na atajifanya ameridhika, na nitajua kuwa hajaridhika.

Mvua za mwaka uliofuata machipukizi yalikuja ya kijani. Mama hakuniambia kwenye simu. Aliogopa kuyasema.

Kaka alikuja baada ya Krismasi kama alivyoahidi, akanikuta na mimi nimekuja kwa sikukuu. Alikuwa ameazima gari la rafiki yake, na kwenye kiti cha mbele ameweka mto ili Mama asiumie mgongo njia nzima mpaka Kibondo. Mama akamkaribisha, akamlisha, kisha akampa panga akamwambia aende akakate mkungu. Mama Mdogo alikuwa pale pale kwenye kigogo chake.

"Lipite motoni," akamwambia.

"Tangu lini?" Kaka akauliza.

"Kwetu ndivyo tunavyofanya siku zote. Wewe umekaa sana ofisini."

Mimi nikainama nikajifanya nafunga kiatu. Kaka akachomeka panga motoni, akaingia migombani. Alikawia. Alipotoka alikuwa na mkungu begani unaomlemea, jasho linamtoka, na hakusema kitu kuhusu kung'oa. Akautua chini, akaangalia gari, akamwangalia Mama.

Mama akafungua mlango wa mbele wa gari. Akaniita tukasaidiana kuuinua ule mkungu, tukaukalisha kwenye mto, na yeye akavuta mkanda akaufunga sawasawa.

"Nimeshapeleka mtu," akasema.

Tulicheka wote, Kaka naye alicheka. Aliondoka hivyo, amekaa na mkungu. Usiku ulipokuwa unaingia akanipigia kunijulisha amefika salama. Nikamtania nikamuuliza mgeni umemlaza wapi. Akasema kwenye chumba cha Mama, uivie humo. Kisha akaniambia kwamba alfajiri ile, kabla hajaanza safari ya kuja Titye, alikuwa ameitoa nailoni kwenye godoro na kutandika shuka.

Nilimweleza Mama. Alikuwa anafukia makaa kwa majivu yalale mpaka asubuhi, akaacha.

"Mwambie asilitandue," akasema. "Nikimaliza kupalilia nitakwenda kulilalia. Nitarudi Jumapili."