Mlinzi Asiyeruhusiwa Kujilinda

Kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi, mwanamke huyu alianza kazi kwa kusaini daftari: bunduki moja, risasi tano. Jioni alisaini tena, akairudisha bunduki kwenye kabati la chuma la kampuni ya ulinzi, akatembea kwenda kwake mikono mitupu. Mchana kutwa alikuwa amesimama mlangoni mwa benki. Wenzake, wote wanaume, walimwita Dada Shabaha, maana kwenye zoezi la kulenga la kila mwaka hakuna aliyemfikia.

Kwake ni vyumba viwili na mlango wa mbao uliovunjwa mara mbili. Mara zote mvunjaji ni mtalaka wake, mchomeleaji vyuma, mtu anayejua bawaba hushikilia wapi. Mara ya pili aliuvunja mlango, kisha akamvunja mkono. Kwenye kituo cha polisi mlinzi aliambiwa mambo ya ndani yamalizwe ndani.

"Ya ndani yapi," alijibu, "na mlango wenyewe umelala nje kwenye matope?"

Mkono ulipopona, aliomba leseni ya bastola. Fomu ilitaka barua ya mume. Kwa aliyeachika, ya kaka. Kaka yake ni kinyozi. Aliisoma fomu huku mashine inanguruma juu ya kichwa cha mteja.

"Dada, ukiwa na bastola nani atakuoa?"

"Atakayejua kubisha hodi."

Wateja waliangua kicheko. Kaka hakucheka, wala hakusaini. "Yule amekuwa shemeji yangu miaka mingi. Siwezi kusaini kifo chake."

"Changu ulishasaini lini?"

Aliipeleka fomu bila barua. Afisa wa leseni aliyeipokea ndiye yuleyule ambaye, wiki mbili kabla, alikuwa amesaini cheti chake cha kubeba silaha kazini: mtulivu, mwaminifu, mwenye akili timamu. Kwenye fomu ya bastola aliandika kwamba mwombaji ana ugomvi wa kifamilia na hasira zinaweza kumshinda. Ombi limekataliwa.

Mlinzi alirudi ofisini kwa afisa, akaziweka karatasi zote mbili mezani.

"Afande, mwanamke wa hapa na wa hapa ni mmoja. Yupi kati yao ana wazimu?"

"Mama, hiki cheti ni cha kulinda benki."

"Benki imewahi kuvunjwa mkono?"

"Tusibishane. Silaha si ufagio, kwamba kila nyumba iwe nao."

"Siombi ya kila nyumba, naomba ya kwangu. Kama sina akili ya kushika bunduki, futa hicho cheti. Kama ninayo, saini hii fomu."

Aliamini amembana. Mtu mwenye haya angesaini. Afisa alikivuta cheti cha kazi, akakipiga mistari miwili ya wino mwekundu, akagonga muhuri.

"Umenifumbua macho, mama. Nenda salama."

Kesho yake kampuni ilimwachisha kazi, ikasema inasikitika. Mlangoni mwa benki aliwekwa mwanamume ambaye, kwenye zoezi la mwisho, alikosa risasi nne kati ya tano. Fedha za watu zinastahili hata mlengaji kama huyo. Mwanamke aliyezilinda miaka kumi na moja anastahili kuambiwa aende salama.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, mtalaka alikuja. Safari hii hakuvunja kitu. Alibisha taratibu, kama mgeni.

"Mke wangu we, nasikia siku hizi hata ile ya benki huna!"

Mwanamke alifungua mlango mwenyewe, panga mkononi.

"Pita," alimwambia. "Hili halina fomu."

Mtalaka hakupita. Alirudi nyuma hatua tatu, akacheka kicheko cha kujikaza mbele ya majirani, akaenda moja kwa moja kituoni kushtaki kwamba ametishiwa kwa silaha. Walimpa kiti. Maelezo yake yaliandikwa mpaka nukta ya mwisho, na kabla ya adhuhuri askari wawili walikuwa wameshatumwa kwenda kulichukua lile panga.