Tundu la kwa Ndama

Juzi mnadani Basotu nilikuwa navutana bei ya ndama, harufu ya samadi mbichi ikanikatiza maneno, mimi nisiyekatizwa na mtu.

Nilipokuwa mdogo, baridi ya kijijini kwetu Nambis ilipokaribia, bibi alinifungia ndani mchana kweupe nimtafutie matundu ya ukutani. Kila palipopenya mwanga niliita, naye akapakandika kwa nje kwa samadi na majivu. Nilihesabu mara mbili. Lilibaki moja tu, pale alipolala ndama mchanga. Nikachungulia. Niliona njia yote hadi kisimani, na kila aliyepita hakujua kama anaonwa.

"Bibi, niachie hili."

"Upepo utamuua ndama."

"Basi tubadilishane. Yeye alale kwangu, mimi nilale hapa."

Bibi alijibu kule nje: "Haya. Ndama akikohoa ni hasara, wewe ukikohoa ni kelele tu."

Asubuhi niliamka nikashangaa sisikii baridi. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa. Nikakichomoa, nikachungulia: bibi alikuwa anawakatia ng'ombe majani kwenye ukungu, kichwa wazi.