Moto Yenye Ninaweza Kuinua Peke Yangu

"Hapana, tonton, mi sikatai kama 200 iko na nguvu. Niko nauliza kitu ingine. Ikianguka, nani ataiinua?"

Tonton alikuwa napangusa mikono na kitambaa yenye ilikuwa chafu kupita mikono. Ye ni leki, mudogo ya papa yangu, na atelier yake ya kutengeneza moto, zile pikipiki, iko nyuma ya nyumba yetu, hapa Mangobo. Moto mbili zilikuwa mbele yetu: 125, ya moteur kidogo, nyembamba kama mbuzi ya njaa, na 200, ya moteur kubwa, ile ya yaya, mukubwa yangu. Zote mbili ndefu, zote na pneu ya meno. Mu atelier banaziitaka "trial", ni kusema moto ya kupanda mawe na matope polepole. Lakini zote zilikuwa na vilema. Moja frein ya kusimamisha imekufa, ingine carburateur. Tonton alitaka nichague moja, ile ingine aifungue yote, vipande vyake vitengeneze ile nitachagua. Akisha kufungua, hakuna kurudi nyuma.

"Moto haianguke kama mutu anajua kuendesha," alisema.

"Yaya alikuwa hajue?"

Akatupa kitambaa chini.

Yaya njo alikuwa napeleka vaccin, chanjo ya batoto. Kila juma alikuwa navuka mto na pirogue mpaka Lubunga, kisha anashika njia ya Ubundu, sanduku ya barafu nyuma, mpaka centre de santé kwenye mama yetu iko infirmière, ye njo anachanja batoto. Mu mwezi ya tano, ku daraja ya miti, ile 200 ikamuangukia, muguu ikavunjika. Siku ile bamama ba mu vijiji, benye balitembea tangu asubui na batoto mu mugongo, balingoja mpaka jua ikashuka, kisha bakarudi bure. Mama alitafuta mutu wa kushika kazi, akakosa. Mi nilikuwa nimemaliza secondaire, nimechoka kukaa mu parcelle ya nyumbani na kungoja sijue nini. Nikasema: nitaenda mimi. Nilisema haraka, vile ninasemaka bintu byote. Kisha woga ikaanza. Tangu pale, nikiona barafu mu verre ya maji ya mutu, siwezi kuangalia kitu ingine. Niko nahesabu itaisha saa ngapi, juu barafu ikiisha vaccin inaharibika.

Ile asubui tulikuwa tumejaribu moto zote mbili, moja-moja, ku kilima ya udongo mwekundu inje ya ville. Tulifunga bidon mbili ya maji nyuma, uzito ya sanduku. Nikaanza na 125. Mpaka katikati ilienda muzuri, kisha ikaanza kukohoa, ikazimika. Tonton, chini kule, alicheka mpaka akashika magoti.

"Unaona? Hii ni ya kupeleka kwanga ya mihogo ku soko!"

Na 200? Ilipanda kama hakuna kilima. Kusema kweli nilifurahi. Nikajiambia bon, imeisha, ni hii. Lakini kule juu kuko mufereji, na mbao moja ya kupitia. Nikaogopa ile mbao, nikatia gaz kidogo tu ya kuongeza mwendo, moto ikaruka. Nikateremusha muguu, muguu ikakosa chini. Tukaanguka sisi wote, mi upande huu, moto upande ule. Sikuumia. Tonton akakimbia kuja.

"Acha, tonton! Usinisaidie. Kule ku njia hautakuwa."

Akafunga mikono. Nikashika guidon, pembe zake, nikavuta. Nikavuta tena. Nikageuka, nikasukuma na mugongo. Ilikuwa inanyanyuka kidogo, kisha inarudi kulala. Mu kichwa yangu barafu ilikuwa inaisha, na ile siku hata sanduku haikuwa, ni bidon tu. Nikasikia machozi karibu, nikakasirika juu ya ile machozi.

Bamama mbili balikuwa napita na kuni. Bakatua mizigo yabo, bakaniangalia.

"Eh, mutoto, hii ni moto ao ni bwana mulevi? Haitake kuamuka!"

Bakacheka, na mi nikacheka ile ya haya. Tukainua watatu. Bakaenda zabo. Nikabaki najiuliza: na siku bamama hawatapita?

Njo nilirudia ile swali ku atelier, na tonton alisema tu: "Fikiri muzuri. Kesho asubui ninafungua moja."

Saa ya kula, jua bado iko juu, nilipelekea yaya sahani ya lituma ya ndizi na samaki. Iko anakaa inje, muguu juu ya kiti, anachoka na kila mutu. Alikuwa amesikia yote, juu ukuta ya atelier ni mabati.

"Tonton anasema nini?"

"Anasema 200."

"Na weye?"

"Mi sijuwe. 125 haipande. 200 siwezi kuiinua."

Akakata lituma, akaichovya, hakukula.

"Hata mi sikuwaka naiinua," alisema.

Nilifikiri anacheka. "Ginsi gani?"

"Ikianguka, nilikuwa naketi pembeni, nangoja batu. Batu ya toleka na baiskeli yabo ya kubeba batu, bawindaji, mutu yoyote. Mara ingine saa nzima. Ku beach pia, pale pa kuvukia mto, kuitia mu pirogue, tulikuwa batu ine. Ulifikiri niko na nguvu gani?"

"Na barafu?"

Hapo aliangalia muguu yake, hakuniangalia mimi.

"Siku moja nilifika, yote ni maji. Mama alifungua sanduku, akaangalia, akafunga. Akaambia bamama barudie juma ingine. Nilimuambia kosa ni ya njia. Kutoka siku ile nilikuwa naogopa kuanguka, donc nilikuwa napita ku daraja na gaz, haraka-haraka, nimalize. Njo vile iliniangukia."

Nilitaka kumukasirikia, nikakosa nguvu. Siku ile mama aliporudi nyumbani alilaumu njia, hata mimi nililaumu njia pamoja naye.

Kisha yaya akauliza: "Ile 125, ilizimika katikati ya kilima, sivyo? Ilifika juu ginsi gani?"

"Niliisukuma."

"Na bidon zote?"

"Na bidon zote."

"Na nani?"

Peke yangu. Tonton alikuwa chini, anacheka. Niliteremuka, nikaisukuma mpaka juu, nikaigeuza, nikarudi nayo, na nilikuwa na haya mingi sana, hata sikuona kama nimefanya kitu.

Nilirudi mbio ku atelier. Nikauliza tonton: tukitoa couronne ya nyuma ya 200, ile duara kubwa ya meno yenye kuvuta munyororo, tukaitia ku 125, itapanda? Akakuna shingo. Itabidi kutoboa matundu ingine, alisema. Itapanda, pengine. Lakini ku njia muzuri itakuwa polepole kabisa.

"Hata toleka itakupita, ma fille. Batakuchekelea mu Lubunga yote."

"Bacheke. Mi nitatoka mapema."

"Na ikizimika tena?"

"Nitasukuma."

Aliniangalia murefu, kisha akasema ni kichwa yangu, si yake. Hakusema ndiyo.

Niko naandika hii kwa meza, bado kuna mwangaza. Pengine couronne haitatosha. Pengine kuko kilima ku njia ya Ubundu yenye sitaweza kusukuma, na mvua iko inakuja. Lakini kesho asubui, mbele tonton hajaamuka, nitashika ufunguo ya 17 na kufungua mi mwenyewe gurudumu ya nyuma ya ile 200, nimuwekee couronne ku meza yake ya atelier. Akisha kuitia ku 125, nitaenda kuomba barafu ya kweli kwa bamama ba kuuza samaki, niitie mu sanduku, nirudi ku kile kilima. Na kule juu, karibu ya mufereji, nitalalisha moto chini na mikono yangu, bila mutu yoyote pembeni, na nitaiinua.