Boti Iliyozibwa kama Sufuria

Saa mbili asubuhi, Jumapili, mama mmoja anasimama mlangoni mwa karakana na sufuria kubwa mkononi. Kitako kimetoboka. Fundi hata hainuki.

"Leo hatuzibi, dada yangu. Njoo kesho."

"Haa! Kiraka, unaumwa?"

Haumwi. Amepiga magoti kando ya boti kuukuu ya alumini iliyolazwa kifudifudi juu ya matairi. Kwa kidole gumba anapapasa ribiti moja baada ya nyingine, vile vijimsumari vifupi vinavyobana bati kwa bati. Mama wa watu anaondoka akicheka na sufuria yake. Tangu amfahamu fundi huyu, hajawahi kumwona akikataa kazi.

Mtaa mzima unamwita Kiraka. Anaziba sufuria na birika za alumini katika chumba chenye kelele za nyundo kiasi kwamba wateja huzungumza naye kwa vidole. Sufuria tano kwa siku, nyumba imekula. Zikipungua, mkewe, fundi cherehani katika chumba cha pili, anajazia. Mapumziko hawakuwa nayo, maana Jumapili ndiyo siku ambayo watu hugundua kwamba sufuria zao zinavuja.

Kilichomshtua ni picha. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wachore wazazi wao. Binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi, akamchora mama yake akicheka nyuma ya cherehani. Baba akamchora mgongo. Mgongo tu, shati la bluu, na nyundo ikichungulia pembeni.

"Nikamuuliza, mbona hukuniwekea uso?" Kiraka anasimulia. "Akanijibu bila hila yoyote, 'Baba, si ndivyo ulivyo?' Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Sioni haya kusema."

Wiki hiyohiyo alimkuta muuza vyuma chakavu akijiandaa kuikatakata boti iliyotelekezwa na wavuvi. Ubavu ulikuwa umebonyea, na sakafu ilikuwa na matundu kama chujio.

"Wenzangu waliona takataka. Mimi niliona sufuria kubwa ya kututembeza ziwani sisi watatu."

Walikubaliana alipe nusu kwa fedha, nusu kwa kuziba vyombo vya nyumbani kwa muuzaji. Kumbe huyo bwana ana ukoo mzima wa sufuria mbovu! Kiraka bado ananung'unika akilikumbuka hilo.

Kila jioni, baada ya kazi za wateja, alinyoosha ubavu kwa nyundo ya mti, akang'oa ribiti zilizolegea, akasugua ukoga kwa msasa. Matundu akayaziba kwa viraka upande wa ndani, kama alivyozoea. Mkewe akashona mito ya kukalia. Kisha Kiraka akafanya jaribio analokifanyia kila chombo kinachopita mikononi mwake: akaijaza boti maji mpaka ukingoni, palepale uani, akasubiri. Halikutoka hata tone.

"Siku hiyo nilijiona injinia," anasema.

Ziwani hawakufika mbali. Maji yalikuwa bado ya magotini pale mkewe, ambaye hajui kuogelea, alipohisi unyevu miguuni. Kufumba na kufumbua, mito inaelea na mtoto anapiga mayowe. Kiraka aliruka nje, akaisukuma boti mpaka ufukweni.

"Nilimwona mwanangu anakwenda," anasema mkewe, na mkono wake unasimama juu ya kitambaa anachokunja. "Nilikasirika mpaka nikakosa maneno."

Maneno yalirudi kesho yake, akiwa anatia kiraka kwenye goti la suruali ya mumewe. Alimwita aje asikilize.

"Mume wangu, kiraka chako nilikiona kikiinuka. Sufuria maji yanakaa ndani, yanakikandamiza. Hii ndani tumo sisi. Maji yako nje, yanakisukuma kibanduke!"

Kiraka anatikisa kichwa akilisimulia hilo. "Miaka yote hii mimi na viraka, halafu naumbuliwa na suruali yangu mwenyewe."

Aliving'oa vyote, akaviweka upya kwa nje, kwa gundi mpya na ribiti mpya. Mkewe naye akatoa sharti: atapanda mara moja tu. Ikivuja tena, boti inarudi kwa muuza chakavu, naye na maji wamemalizana.

Ndiyo maana asubuhi ya leo Kiraka hana hamu hata ya chai. Mkokoteni wa jirani unaifikisha boti ziwani. Mkewe anamfunga binti jaketi la kuokolea, anakaza kamba, anazikaza tena. Kisha anatoa chaki yake ya kushonea na kuchora mstari kuzunguka kila tundu lililozibwa, kote sakafuni.

"Chaki haina maneno matamu," anasema. "Ikilowa, inafutika."

Wanazunguka taratibu karibu na ufuko. Wakirudi, mama anapiga magoti ndani ya boti, anafuata mistari kwa macho, mmoja mmoja. Yote ipo.

"Pakavu," anasema. Anashusha pumzi ndefu, anacheka na machozi yanamtoka. "Pakavu kabisa! Haya, mnangoja nini? Twende tena!"

Safari ya pili, mwandishi wa simulizi hii anakaribishwa. Anayepiga makasia huipa mgongo njia anayokwenda, kwa hiyo Kiraka anakaa akitazamana na binti yake, magoti kwa magoti. Mtoto anamkodolea macho, kama mtu aliyeletewa mgeni.

"Baba! Kumbe ukifanya kazi unatoa ulimi!"

Kiraka anaurudisha haraka. Mama anacheka mpaka boti inayumba, na safari hii hashiki ukingo.

Kuanzia sasa karakana itafungwa kila Jumapili. Tangazo ameshaliandika kwenye kipande cha bati, na wateja wameanza kulalamika.

"Walalamike tu. Jumapili wapikie sufuria ndogo," anasema, akivuta makasia. Halafu anamtazama binti yake. "Mwalimu akiwaambia mchore tena, mimi nataka uso."

Binti anafikiri kidogo.

"Sawa, baba. Lakini ulimi nauweka."