Mama Aliyemwonea Wivu Gorila

Watu hupanda msitu ule kwenda kupiga selfie. Mimi nimemwona mama akipanda, akaishia kumwonea wivu gorila.

Msicheke. Kaeni kitako niwape.

Naitwa Samiha, napanga safari za watalii hapa Kayanga. Ofisi yangu ni chumba kimoja kilichobanana na duka la mabati. Wateja wangu ni wageni wanaovuka mpaka wa Murongo kwenda kuona gorila upande wa Uganda.

Siku hiyo akaingia mama wa Nyakakika, Evangelina, na mumewe mzee Kashaija akichechemea nyuma. Nikajua wamekosea mlango, wanatafuta mabati.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Tunataka kibali cha gorila."

Nikacheka kidogo. Huku nyani wanatumalizia mahindi, nani atoe hela kwenda kuwatazama wakubwa zao?

Kashaija akanieleza taratibu. Mtoto wao Novatus alikuwa mpagazi kule, anawabebea watalii mabegi. Masika yaliyopita aliteleza kwenye korongo, hakuinuka tena. Mama anataka kupaona. Na msituni huingii bila kibali, hata uwe umezaa nani.

Kicheko kikanikauka.

Goti la mzee lisingeweza mlima, kwa hiyo nikashughulikia vibali viwili, cha mama na changu. Hela ya kahawa yao ya msimu ikaishia hapo. Nikahangaika na pasipoti, tarehe, gari la kutupokea ng'ambo. Halafu nikampa mama sharti kubwa: mwenye mafua hapandishwi, maana gorila huambukizwa wakafa.

"Kwa hiyo usilie, mama. Ukilia kamasi zitatoka, watakurudisha getini."

Akaniangalia. "Hilo nimelizoea."

Njiani akanisimulia, ndipo nikaelewa. Mwili wa Novatus ulifika nyumbani jioni. Wakubwa wa ukoo wakasema umekaa sana barabarani, azikwe kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kabla ya giza. Mama akaomba amshike kwanza. Wakamvuta pembeni: jikaze, usilie kama asiye na imani. Akajikaza. Tangu siku ile hajalia.

Sisi Waislamu tunazika haraka, lakini hata kwetu mama huachiwa amuage mwanawe. Iliniuma.

Getini walimpima joto, wakamkagua pua. Macho makavu. Akapita.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza, Niyonsenga, alimfahamu Novatus. Akatuonyesha korongo. Mama akafungua kifundo cha kitenge, akatoa kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni nyumbani kwao, akampa. Niyonsenga akapokea kwa mikono miwili, akatafuna. Mama akalitazama korongo. Chozi halikutoka, akasema twende.

Tukavaa barakoa. Gorila walikuwa wametawanyika wanakula majani. Jike mmoja alikaa peke yake, amempakata mtoto. Mtoto hachezi. Mkono unaning'inia.

"Amekufa," Niyonsenga akanong'ona. "Siku kadhaa sasa. Anatembea naye, analala naye. Atamwacha mwenyewe akiwa tayari."

"Hakuna anayemnyang'anya?" mama akauliza.

"Hakuna. Wenzake wanamsubiri tu."

Evangelina akakaa chini kwenye majani mabichi.

"Huyu kaachiwa mwanawe," akasema. "Mimi nilinyimwa hata jioni moja."

Kisha akamgeukia Niyonsenga, akamuuliza kama anaruhusiwa kulia. Mama mzima, anaomba ruhusa ya kulia. Niyonsenga akaitazama barakoa ya mama, akamtazama yule jike.

"Kimya kimya, mama."

Akalia bila sauti, mabega yakitikisika, barakoa ikalowa chapa. Sikumwona tena gorila hata mmoja, maana na mimi machozi yalinijaa.

Tuliposhuka getini ndipo sauti ikatoka. Watalii wakashusha simu zao. Nikasimama mbele yake, mtu asije kumnyamazisha.

Murongo, Kashaija alikuwa anatusubiri. Akayatazama yale macho yaliyovimba.

"Umemlilia?"

"Nimemlilia."

Mzee akaketi palepale kando ya barabara, akaweka fimbo chini, na yeye akaanza. Kumbe hata yeye alikuwa anasubiri zamu yake. Mama akakaa karibu naye, hakumwambia ajikaze.

Ndugu zangu, mkienda msibani, hilo neno "usilie" liacheni nyumbani. Kaeni na mfiwa, msubirini. Gorila hawajasoma na wanaliweza.